Kijiti cha Zarafo

Mlima uliketi juu ya mto usiku wa Februari,
bila hodi.
Kulipokucha, huku chini, mto haukuwapo:
mawe tu yakitoa mvuke,
na samaki wakipigapiga mikia kwenye tope.
Watoto tuliwazoa kwa ndoo, tukicheka.
Nilikuwa na miaka saba. Nilidhani ni sikukuu.

Zarafo, mpishi wa shule, hakucheka.
Alipanda kifusi, akateremkia upande wa pili,
akachomeka kijiti cha mpopla penye maji yaliyoduwaa,
kimechanjwa kwa kisu cha vitunguu,
kipimo chake dole gumba.
Siku ya tatu maji yalimeza chanjo kumi na moja.
Siku ya tisa, bustani za aprikoti.
Siku ya arubaini, shule, na sufuria zake ndani.

Wahandisi walishuka kwa helikopta.
Wakasema: ukuta huu waweza kuondoka kesho.
Wakasema tena: waweza kukaa miaka elfu.
Zarafo akauliza, "Niandike lipi?"

Miaka thelathini na moja.
Tulihamia juu. Ziwa lina buluu
tuliyolazimika kuiazimia jina kwenye shanga za bibi.
Mchanga wa barafuto, uliokuwa mbolea ya mashamba ya chini,
umekwama hapa mlangoni:
umekuwa kisiwa, kisiwa kikaota matete,
matete yakawaita bata bukini wa milimani
waliokuwa wakitupita tu angani, wakipiga kelele.
Samaki waliobaki juu wamefupika, wamekuwa weusi.
Hawajui kama wana ndugu.

Chini, mto hupenya ukutani kwa nyufa,
hutoka safi kama kioo, na njaa.
Hauna mchanga wa kubeba, basi hutafuna kingo.
Mierebi imeachwa mizizi nje
kama watu waliotolewa kitandani usiku.
Ila penye nyufa mawe yameota ukoga,
na fisimaji amezaa humo, wawili,
mahali ambapo zamani paliruka mapovu tu.

Nekqadam, dadake Zarafo, alikataa kuhama.
Yuko hukohuko chini, hulala na viatu miguuni.
Kila jioni hupiga simu. Hamjulii hali.
Huuliza tu, "Kijiti?"

Naye Zarafo hugeukia dirisha,
ingawa giza limeshafunika,
ingawa magoti hayajamfikisha ukingoni tangu Ijumaa,
hujibu:
"Kiko palepale."