Laza Simu Ubavu

Miaka kumi na saba nimeuza nyumba za Tanga kwa mdomo.
Kwa mdomo, na kwa baiskeli ya Swala isiyo na kengele,
na kwa kukumbuka: kisima kipi kina chumvi,
paa lipi la Makorora huvuja upande wa kibla,
ndugu yupi wa marehemu hajatia sahihi.
Mfukoni funguo. Nikitembea, nalia njuga.

Mwaka juzi simu ikanyamaza.
Si kwamba watu waliacha kuhama;
walihama bila kunipitia.
Vijana wenye viatu vyeupe waliingiza wapangaji Kange
kabla rangi haijakauka,
nami bado na chaki mkononi,
naandika namba yangu ukutani,
chini ya NYUMBA HII HAIUZWI.

Jumamosi nikawafuata, nyuma ya duka la fotokopi,
Barabara ya Nane. Nilikwenda
kama unavyokwenda kukopa chumvi
kwa jirani uliyemsengenya jana.
Zuhura Shemweta, huyu tuliyegombania kiwanja cha Pongwe
hadi kwa mjumbe, akanisogezea kiti cha plastiki:
"Kaa, Mzee Mbaruku. Toa simu."

Akakipangusa kioo cha kamera kwa pindo la mtandio.
"Miezi yote hii umekuwa ukipiga picha mafuta ya chipsi."
Wakacheka. Nami nikacheka, nimechelewa kidogo.

Laza simu ubavu.
Fungua madirisha kwanza, saa tatu asubuhi,
jua likiwa bado na adabu.
Usianze na choo.
Usiseme "nyumba kali"; sema hatua ngapi hadi kituoni,
maji hutoka siku zipi.
Andika bei. Mtu akiuliza bei usimwambie njoo pembeni
kama muuza magendo.
Hayo ni ya Kihiyo, ambaye hana jino la mbele
na ana wafuasi elfu tisa.

Nikauliza: mbona mnaninolea kisu,
na nyama tunagombania ileile?
Kihiyo akachezea kizibo cha soda.
"Tapeli mmoja akiweka picha ya nyumba isiyo yake,
sote tunaitwa matapeli. Bora tuwe wengi tusemao kweli."
Zuhura hakusema hivyo. Zuhura alisema:
"Nusu ya udalali, kila mteja nitakayekuletea."
Nilimwamini zaidi yeye.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa Chumbageni,
ya marehemu Bi Mkasi, fundi cherehani.
Nilifungua madirisha saba. La nane lilinigomea.
Nikalaza simu. Nikasema, sauti ikitetemeka kama ya mposaji:
"Ukuta una nyufa mbili; huu hapa, na huu.
Sakafu ni saruji nyekundu. Hapa palikaa cherehani,
tazameni miguu yake ilivyochimba.
Kisima kina chumvi."
Hilo la kisima sikuwa nimelipanga.

Usiku ikaingia namba ngeni. Mwanamke, yuko Sumbawanga.
Hakuuliza bei.
"Niliketi hapo miezi minane nikifundishwa kutia zipu.
Video yako nimeitazama mara kumi na moja.
Hilo dirisha, mzee, lisukume chini kwanza, halafu nje."
Akakata.

Jumamosi nikawasimulia. Kimya kikapita,
kisha Zuhura: "Kumi na moja ni kumi na moja.
Mashine haijui nani alikuwa analia."
Nikamtazama, nikidhani anatania.
Alikuwa anaandika daftarini.

Nyumba haijauzwa bado.
Leo asubuhi nimepita tena:
chini kwanza, halafu nje.
Vumbi, kisha mwanga,
hadi pale penye mashimo manne ya miguu ya cherehani.
Nimepangusa kioo kwa shati.
Naanza upya, kutoka mlangoni.