Kidole cha Sita

Mimi si msomi. Niliajiriwa kununua mayai.
Kila Jumatatu, baiskeli hadi Naliendele, trei mbili,
na kila Jumatatu onyo lilelile:
"Nandonde, yai lisilopitiwa na jogoo ni mboga tu."

Dokta Sikudhani Mchopa alizaliwa na vidole sita
mkono wa kushoto. Mkunga, kule Nanyamba,
alikifunga cha sita kwa uzi mweusi
kikanyauka, kikadondoka.
Kovu lipo, dogo, kama punje ya ufuta.
Akiwaza hulisugua kwa dole gumba.

Alirudi kutoka masomoni na hadubini moja na swali moja:
nani huuambia mkono, basi, inatosha?

Siku ya tatu ya yai (nilifundishwa kutazama)
kuna nukta nyekundu inadunda
kabla hajapatikana kuku wa kuimiliki,
na ubavuni kijivimbe, kama kipele cha joto.
Hicho ni bawa. Chenyewe hakijajua.

"Kila chembe ya mwili," alisema, jicho bado kwenye lenzi,
"imeachiwa mikorosho yote ya ukoo,
lakini inaokota chini ya michache tu.
Nani anayeikataza mingine? Hapo ndipo pa kazi yangu."

Na swichi, akasema, haikai karibu na taa.
Jeni iko hapa, swichi yake kule,
katikati wamepanga jeni wengine wenye shughuli zao.
"Chukulia taa iko Shangani, swichi yake iko Masasi."
Nikamwambia, Dokta, hilo halihitaji kuchukulia.
Ndivyo umeme wetu ulivyo.

Alicheka. Wiki ile ile ukakatika siku nne.
Bomba la gesi linatupitia likienda Dar,
na sisi tunachemsha maji kwa mkaa,
tunayajaza kwenye chupa za soda,
tunazipanga kuzunguka mayai, juu vitenge vitatu.
Alilala sakafuni na kipimajoto mkononi
akiniamsha kila saa: thelathini na saba na nusu, Nandonde,
isizidi, isipungue, hawa hawajui kuomba.
Trei moja ilipona.
Ya pili alikataa itupwe. Tuliizika nyuma ya tangi.

Miaka kumi na tisa.
Makala saba. Mume mmoja, aliyechoshwa na harufu.
Vifaranga wenye kidole cha ziada, wenye pungufu,
kila mmoja na namba yake kwa mwandiko wangu mbaya.

Ndipo Zaituni, mpwa wake, akajifungua.
Vidole sita. Kushoto.
Dokta alifika Nanyamba kwa bodaboda, vumbi hadi kwenye kope,
akamkuta bibi wa mtoto keshaukata uzi.
"Nipeni siku moja," akasema.
Akahesabu kile kiganja kwa midomo, bila sauti,
akachukua mate kwa kijiti cha pamba:
ya mtoto, ya mama, ya bibi, na yake mwenyewe.

Nilijua ataipata. Herufi moja iliyokosewa,
huko huko Masasi kwenye swichi yake.
Niliwahi hata kununua soda.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitatu.
Swichi nzima. Kwa wote wanne, kila herufi mahali pake.
Kidole chake kilikuwa kimetoka kwingine,
njia ambayo hakuwahi hata kuiinulia shingo.

Sikujua pa kuziweka soda.
Alisugua kovu. Akasoma tena.
Halafu akacheka, kicheko kifupi,
cha mtu aliyepiga hodi miaka kumi na tisa
kumbe ni nyumba ya jirani.

Yule mtoto hakufungwa uzi. Siku moja ilikuwa wiki,
wiki ikawa mazoea. Nilipompelekea mama yake mayai
alining'ang'ania kidole, na cha sita nacho kilikaza.

"Jumatatu, trei ngapi?" nikauliza.
"Tatu," akasema, akifuta lenzi.
"Na hakikisha jogoo yupo."