Sekunde Mbili na Nusu

Nilimbandika nyaya tano kifuani
Jumanne asubuhi, vidole vyangu barafu.
Akacheka: "Unanishika kama mnyoa kondoo."
Bi Ubaldina Huichalao, miaka sabini na minane,
aliyewapikia wanyoaji wa mashamba matatu
na kuwazika waume wawili.
Nikampa kidaftari na penseli:
andika kila ufanyalo, na saa yake,
na moyo ukiruka, andika.

Julai, Coyhaique. Bonde limefunikwa
kama sufuria: hewa ya baridi chini, ya joto juu,
na moshi wa kila paa hauna pa kutokea.
Redio imetangaza dharura, msiwashe majiko.
Nje nyuzi tisa chini ya sifuri.
Nani atasikia?

Jumatano akarudi. Karatasi ya mashine
na kidaftari nikavilaza ubavu kwa ubavu.

"Saa kumi na moja jioni. Nimekunywa mate."
Moyo: tupo, tupo, tupo,
mwendo wa mtu anayeijua njia ya kwao.

"Saa mbili usiku. Jirani kawasha kuni mbichi.
Nimefunga dirisha."
Tupo, tupo,
tu
tupo.
Pigo moja limekosa ngazi gizani.

"Saa saba. Nimeongeza kuni mbili. Mbichi pia,
za kijana wa Temístocles. Kavu ni ghali."
Dakika arobaini baadaye mstari unavurugika:
vyumba vya juu vya moyo havipigi, vinatetema tu,
mfuko wa plastiki ulionasa kwenye seng'enge;
vya chini vinabahatisha, tupotupo, tu, potu,
vinasimama


vinaanza tena.
Sekunde mbili na nusu. Nilizipima kwa rula,
nikageuza rula, nikapima upya.
Kwa muda huo hapakuwa na mtu nyumbani.

Kidaftari, saa hiyo hiyo:
"Nimelala vizuri. Joto zuri."

Daktari husema vumbi hilo ni jembamba
kuliko unywele, mara thelathini,
huvuka mapafu bila kubisha hodi.
Nilitaka kumwambia Bi Ubaldina: zima jiko.
Ulimi ukagoma. Nyumba yake ni ya mbao,
upepo huingia na kukaa kama mgeni,
na baridi nayo huua.
Nikasema lililo dogo: kuni zikae chini ya bati
mwaka mzima kabla ya moto.

"Mwaka mzima," akarudia,
akiweka kidole penye ule uwazi wa karatasi.
"Hapa ndipo nilipolala vizuri?"
"Ndipo."
Akakitazama kidole chake muda mrefu
kuliko ule uwazi.

Alipotoka nikafuta mvuke kwenye kioo.
Ng'ambo ya barabara, bomba la paa letu
linatema moshi mzito, wa kijivu.
Mama yumo ndani, na vidonge vyake vya moyo.
Jiko nililiwasha mimi
kabla ya kuja kazini.