Kiwavi wa Dirishani

Nyamizi hakuleta betri wala waya.
Alileta karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara,
utepe wa gundi, mkasi wa cherehani wa mama yake,
na kimya chake cha siku zote.

Mimi mtunza maabara. Nahesabu mirija, nafunga gesi,
naandika daftarini kilichovunjika.
Miaka kumi na tisa hapa Tabora
sijawahi kuandika kilichotembea.

Alikata kipande chembamba kama ukucha wa mtoto,
akakilaza juu ya msasa, dirisha la mashariki.
Jua la saa tatu likakigusa.
Kikakunja mgongo, taratibu,
kama mtu aliyeamshwa na hataki.
Kisha wingu. Kikajinyoosha.
Ncha ya mbele ikashika msasa, ya nyuma ikafuata.
Unywele mmoja wa safari.

Nikazima feni. Nikatafuta uzi.
"Hakuna kitu, mwalimu," akasema (mimi si mwalimu),
"upande mmoja unatanuka, wa pili unagoma.
Ugomvi wao ndio mwendo."

Umejifunzia wapi?
Urambo, kwenye bani la baba,
usiku wa kulisha kuni, akiwa darasa la tano:
tumbaku juu ya fito
ilivyojikunja moto ukipanda,
ilivyolegea unyevu ukirudi.
Wenzake walihesabu kilo.

Saa nne mawingu yakaisha.
Jua likamkazia macho, naye akabaki vilevile,
amejikunja, ngumi,
hana pa kwenda na mwanga wote ule.
Nyamizi akapitisha kiganja: kivuli. Akakiondoa. Kivuli tena.
Akaanza kutambaa.

Umeme ulikatika, shule nzima ikaguna.
Kiwavi hakuwa na habari.

Mkuu wa shule akachungulia mlangoni:
"Sasa hiki kinafaa nini?"
"Bado," akajibu Nyamizi, bila kuinua kichwa.

Adhuhuri jua lilihama dirisha, akalala chali.
Tukatia alama ya penseli aliposhia.
Nikafungua daftari. Safu ya kitu kama hicho haikuwepo,
nikaandika pembeni, kwa wino mwekundu uliobaki:
*Kimesogea sentimita nne.*
Nikatazama. Nikakata neno la kwanza,
nikaandika juu yake
*Amesogea.*