Pindo

Kila Jumanne nashuka Townhill kwa basi,
taulo mbili mfukoni, soksi zenye vinundu vya mpira,
mvua ya Swansea ikinipiga upande ule ule
kana kwamba nayo inajua bega lipi limeinama.

Ukumbi wa kanisa unanuka chai na nta.
Wenzangu hutandika mikeka. Mimi hujenga:
taulo moja, mikunjo mitatu, chini ya nyonga ya kushoto,
nyingine, nyembamba, chini ya mbavu za kulia,
kitabu cha nyimbo za Kiwelshi chini ya kisogo,
kurasa mia sita, kimo changu hasa.
"Zuwena, unalala au unahamia?" huuliza Glenys.
Nahamia, namjibu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu
nesi wa shule, Korogwe, aliponiinamisha
akanichora mgongoni kwa kalamu ya wino,
pingili kwa pingili,
kisha akamwita mwenziwe aje aone.
Mimi sikuona. Niliambiwa tu: herufi S.
Shangazi akasema samaki mkunje angali mbichi,
akanifunga ubao kwa kanga mbili,
wiki sita, mpaka joto likanitoa vipele.
Samaki alikwisha kujikunja mwenyewe.

"Nyooka!" Neno hilo nimelila kama ugali.
Mwalimu wa gwaride. Mama mkwe. Mpiga picha wa pasipoti.
Kwetu mtu mwema husemwa mnyoofu,
na maneno ya mwongo yamepinda;
nikakua nikidhani mgongo wangu una kesi ya kujibu.

Miaka thelathini na mmoja nimeshona nyuma ya soko,
jirani na wauza kombe,
na sijapata kupima mwili wenye pande mbili sawa.
Bwana harusi, mkono mmoja mrefu.
Hakimu, bega kama paa lililobonyea.
Nguo hukatwa kwa mwili. Hili nililijua kwa wengine.

Daktari wa Morriston alinionyesha picha:
sentimita nne zimekwenda, hazirudi,
na mifupa, niliiona mwenyewe,
imekuwa mikate ya kumimina, vitundu vitundu.
Nilikuwa nimetoka kwa kijana mmoja wa mazoezi
aliyetuviringisha sote kama mipira, wa ishirini na wa sitini,
akatusokota kama nguo za kukamua.
Siku tatu sikuifikia birika.

Glenys alikuja dukani na suruali.
Nikampima, nikanyamaza, nikapima tena.
"Nyonga ipi inakuuma?" nikamuuliza.
Akanitazama shingoni, akashuka hadi kiunoni.
"Na wewe, ubavu upi?"
Tukatazamana kama wezi wawili waliokutana dirishani.

Kwake hakuna kuviringika. Hakuna kujisokota.
Ukutani tunasimama, visigino mbali kidogo,
mkono wa kushoto juu, wa kulia umepumzika,
springi nyepesi huku, nzito kule,
na asemapo "refuka" hasemi "nyooka."
Bi Olwen, themanini na mbili, hufanya yote kitini
na hushinda wote kwa kuhesabu.

Siku ya kwanza aliniwekea vidole viwili
nyuma, kushoto, pale mbavu zilipozama.
"Pumua hapa."
Hapa hapana mtu, nikafikiri.
Hewa ikapiga hodi, ikasubiri.
Mara ya tano au ya sita kitu kikasogea,
kidogo, kama kiti chumba cha pili,
nami nikalia bila sababu ya maana,
soksi moja imevuka.

Sijanyooka. Usiku bado natafuta pa kuuweka mkono.
Lakini birika naifikia,
na gunia la vitambaa nalibeba kwa zamu, huku, kisha huku.

Jana nilivaa gauni la kijani mbele ya kioo.
Kushoto limezidi vidole viwili.
Zamani ningelikata.
Nikatia pini mdomoni, nikakaa chini,
nikalipinda.