Yasiyoingia kwenye Muhtasari

Mimi ndiye katibu.
Daftari la kikundi nimelivika gazeti la mwaka juzi.
Naandika: Mkuzi, Muheza. Darasa la Tano B.
Waliohudhuria ishirini na tisa,
wenye udhuru wanne,
asiye na udhuru Mzee Kihiyo.
Agenda ni moja: mbegu mpya ya muhogo,
iliyobadilishwa vinasaba. Ndiyo au hapana.

Bwana shamba Sechonge akafuta ubao.
Zilikuwapo sehemu guni za watoto,
kubwa juu, ndogo chini;
moja ikabaki pembeni, duster haikufika.
Akachora shina, akachora chembe ndani ya shina,
akatuonyesha mlango unaoingilia ugonjwa
na mlinzi aliyewekwa pale mlangoni.
"Mgeni njoo, mwenyeji apone,"
akasema, akajipigia makofi.
Nikaandika: *Mtaalamu alieleza faida.*

Ombeni, kijana wa shirika, akasimama kabla hajaitwa.
Akasema udongo haujafa, umechoka tu,
upewe mboji, upewe kunde katikati ya mistari;
akasema cha bure kina risiti yake, huja baadaye.
"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe!"
Tukacheka.
Nikaandika: *Mdau alieleza hasara.*

Ndipo Bi Mwanamvua Semhina alipofungua salfeti,
akatoa Kibandameno mzima,
mizizi, shina na majani,
majani mabichi ya kutamanisha kisamvu,
akaulaza juu ya meza ya mwalimu.
Akauvunja.
Ndani kahawia, mkavu, umeingia mabaka
kama jino la mvuta tumbaku.

"Miezi kumi haya majani yananichekea," akasema.
"Wewe Ombeni, mwanangu, mboji niliweka.
Kunde nilipanda, nikazila.
Wagonjwa niliwang'oa nikawachoma
mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani.
Umeozea kwenye udongo mzuri.

"Na wewe, bwana shamba.
Pingili za kwanza alinipa mama mkwe,
hata jina hakuniandika.
Nikikata hizo zako nikampa wifi yangu wa Bombani,
nitaitwa mkarimu au mwizi?"

Sechonge akasema hilo ni suala la kisera.

"Jembe ninalo," akasema Bi Mwanamvua.
"Nauliza mpini ni wa nani."

Hayo sikuyaandika. Yangekaa safu ipi?
Sikuandika pia kwamba mate yalinijaa
kwa kukumbuka Kibandameno mbichi, utotoni,
tukiufuta udongo kwenye kaptula ya shule, tunatafuna.
Wala kwamba ekari yangu, mwezi wa Shaabani,
ilitoa nusu gunia, na nusu ya hiyo nusu nikaitupa,
nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.
Katibu hapigi kura.
Siku ile niliishukuru katiba ya kikundi.

Kumi na watatu ndiyo. Kumi na wawili hapana.
Watatu walikwishatoka mbio,
maana wingu lilishuka ghafla
na makopa yao yalikuwa juani.
Mwenyekiti akatazama mlango, akatazama saa,
akasema tuandike *kikao kijacho*.

Wakaondoka. Soda moja ikabaki haina mwenyewe.
Muhogo ulikuwa bado unatoa utomvu,
tone limeangukia daftari,
juu ya neno *Maazimio*, likagandisha kurasa mbili.
Nilipozibandua, neno likabaki upande mmoja,
wino wake upande wa pili.

Bi Mwanamvua hakuwa na haraka na mvua.
Alilishika shina, akaligeuza polepole,
akakwangua ganda kwa ukucha wa dole gumba,
akanusa, akasogea juu kidogo,
akakwangua tena.
Karibu na ncha akakuta shibiri moja
isiyo na mchirizi; au mwanga wa darasani ulikuwa hafifu.
Akaikata kwa kisu cha mfukoni.

"Hiyo nzima?" nikamuuliza.

Akaitia kwenye salfeti, akafunga.
"Huenda," akasema. "Andika hilo."