Kadi ya Harusi

Saa tisa na dakika kumi na mbili usiku, Barka,
mshale ulitembea kwenye skrini
na mkono wangu ulikuwa umeshika kikombe.

Niliutazama kama mtu anavyoutazama
mlango wa chumba kitupu ukijifunga.
Ukapita juu ya pampu ya tatu, ukasita,
ukarudi kwenye klorini, ukaanza kuongeza:
moja, moja na nusu, nne,
taratibu, kwa adabu,
kama mgeni anayejitilia sukari.

Biju alikuwa chini kwenye vichujio. Nikapiga kelele redioni:
Funga kwa mkono! Gurudumu lile jekundu!
Miaka sita hakuna aliyeligusa.
Alilipiga kwa spana, akalitukana kwa lugha ya kwao,
nikasikia chuma kikikubali.
Kwenye skrini namba zilizidi kupanda,
zikiyatia dawa maji ambayo hayakuwa yakipita tena.

Babu wa baba, kule Izki, alikuwa mgawa maji wa falaji.
Mchana alipima zamu kwa kivuli, usiku kwa nyota.
Wezi walikuwepo hata wakati huo:
mtu anakuja gizani, anasogeza jiwe,
mitende yake inakunywa zamu ya jirani.
Asubuhi babu aliinama akasoma tope.
Huyu anachechemea. Huyu kaazima viatu.
Huyu ni mwana wa dada yangu, nileteeni.

Mimi nimeinama siku nne. Hakuna tope.
Kuna tarakimu tu: zimepita duka la maua Ulaya,
zikapita kwa daktari wa meno, zikapita
kamera ya mlango wa ajuza asiyejua lolote,
kisha zikakoma, kama nyayo zikifika mwambani.

Wakaja watu watatu kutoka Maskati, kanzu zimenyooka.
Hawakunywa kahawa.
Walisema hawa si wahuni, wahuni wangedai fedha.
Hii ni kazi ya ofisi: watu wenye mshahara,
wenye likizo, wenye bosi wa kumwogopa.
Ni nchi.
Nchi gani?
Mkubwa wao akafunika kalamu yake.

Halafu wakanionyesha mlango walioingilia,
na mlango ulikuwa mimi.

Jumanne moja, Februari, barua pepe ya kazini:
kadi ya harusi, kutoka kwa shangazi Shinuna wa Ruwi.
*Tunayo furaha kubwa kukualika
katika sherehe ya binti yetu Mayya.*
Kwa Kiswahili.
Nikabonyeza. Ua la asumini likachanua, basi.

Hicho ndicho kinachoninyima usingizi, si klorini.
Kwamba mahali fulani, chini ya taa nyeupe,
mtu alikaa akajifunza kuwa nyumbani kwetu
Kiarabu kinavuliwa mlangoni pamoja na viatu,
kuwa jikoni tunagombana na kuonja chumvi
kwa lugha ambayo bibi aliitoa Wete
ndani ya sanduku la bati lisilokuwa na kingine.
Alijua jina la binti. Alijua y mbili.

Ningesoma mara ya pili ningejua.
Shangazi Shinuna hajawahi kuwa na furaha kubwa.
Angeandika: Njoo. Na usinisingizie zamu.

Mama nimemwambia nusu; nusu nyingine nimeitilia saini.
Hakuuliza nchi gani. Aliuliza, "Maji yapo?"
Yapo, mama.
Akajaza ndoo hata hivyo, akajaza sufuria ya biriani,
mpaka jikoni hapakuwa na pa kukanyaga.
Akachota kijiko kimoja, akaonja,
akachota cha pili, akanipa.

Jana imekuja kadi nyingine.
*Njoo*, imeandikwa. *Na usinisingizie zamu.*

Sijaifungua.
Nimewasha gari, nakwenda Ruwi,
nikamuulize uso kwa uso.